Simu Inaonyesha Kijani

Jean-Marie alituambia tufumbe macho, tuote. Tulikuwa watu kumi na wanne katika ukumbi wa parokia, Kasongo, kila mmoja na daftari jipya na kalamu yenye jina la mradi. Mimi nilikuwa nimetoka Kabambare, siku mbili nyuma ya pikipiki, kiuno kinauma, tope limenikauka mpaka kwenye nyusi. Nilifumba macho kama nilivyoambiwa. Nilichoota ni kitanda.

Kijana mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema ili msije mkadhani natafuta wa kumbebesha mzigo wangu. Alizaliwa hapo hapo Kasongo, akasoma mbali, akarudi na viatu vyeupe na maneno ya *réalité augmentée*. Unainua simu mbele ya kitu, alieleza, kioo kinakuonyesha kitu kile kama kilivyo, kisha kinachora juu yake kitu ambacho macho hayakioni. Akatupatia simu moja tuizungushe. Juu ya meza ya padri, ndani ya kioo, alisimama kuku mwekundu anadonoa. Watu walicheka hadi machozi, na baba mmoja alipunga mkono kumfukuza.

"Ni uhalisia ulioongezewa," alisema Jean-Marie.

Nikajisemea moyoni kwamba huku kwetu uhalisia umeshazidi, heri ungepunguzwa kidogo.

Kazi tuliyoitiwa ilikuwa kutafuta mawazo: kitu hiki kimfae vipi mtu wa kawaida, siku ya kawaida. Abdoul, fundi cherehani, alitaka mteja ajione amevaa nguo kabla kitambaa hakijakatwa, maana wateja wake hubadili nia mkasi ukiwa umeshapita. Mama mmoja muuza dawa alitaka simu ielekezwe kwenye kidonge, imsomee mgonjwa kwa Kiswahili ameze vingapi na saa ngapi. Wazo zuri kuliko yote, na mpaka leo sijui kwa nini halikuchaguliwa. Mwingine alitaka aone barabara ya lami kutoka Kasongo hadi Kabambare.

"Uione tu?" Jean-Marie akauliza.

"Niione tu. Kuipata, tuliisha kuacha kuomba."

Zamu yangu ilipofika sikuhitaji kuota. Jina langu ni Dieudonnée, ni mwalimu wa hesabu Kabambare, na nina mdogo wangu wa kike, Régina, anayetwanga mawe Salamabila. Huko wanaume wanachimba, wanatoa mawe yenye dhahabu. Wanawake wanayatwanga kwa mchi wa chuma mpaka yawe unga, unga unaoshwa, dhahabu inabaki chini ya karai. Wanawake hao huketi na vinu vyao juu ya ardhi ileile ambayo wanaume wameshaila kutoka chini. Mwaka uliotangulia kinu kimoja kilizama pamoja na mwenye nacho, mama aliyeitwa Mamy, asubuhi kweupe, watu wakitazama. Régina alikuwa ameketi hatua nne kutoka hapo.

"Simu ituonyeshe kilicho chini ya miguu," nilisema. "Palipochimbwa pawe pekundu, pasipochimbwa pawe kijani. Mwanamke ajue aweke kinu chake wapi."

Jean-Marie aliandika, akapigia mstari mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyoupata mradi. Wengine walitaka picha na safari. Mimi nilitaka Régina akae mahali ambapo hapatazama. Sikutaka kingine, na ninaweza kuapa kwa hilo.

Salamabila tulianza mwanzo wa likizo kubwa. Kila mdomo wa shimo tuliusimamishia ubao wenye mchoro mweusi na mweupe. Simu ikiuona mchoro, inajua iko wapi, inaipaka ardhi rangi. Lakini simu haioni chini ya udongo. Inajua ulichoiambia, basi. Ilibidi mtu apime kila galeri, ile njia inayotoka chini ya shimo na kufuata dhahabu: ni mita ngapi, imeelekea upande gani. Mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi ni mwanamke.

Mwanamke haingii shimoni. Akiingia, dhahabu inakimbia. Nimewahi kuwauliza inakimbilia wapi, wakaniangalia kama mtu aliyetukana msibani. Basi nilikuwa na dira, na kamba yenye mafundo, na diploma, na vyote vitatu viliishia kwenye mdomo wa shimo. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanaume wakashuka na kamba yangu, wakapanda, wakanisomea idadi ya mafundo. Nilichokuwa naandika ni maneno yao.

Na maneno ya mwenye shimo, pedeje kama wanavyomwita huko, yapo ya kuuza na ya kuweka. Kila pedeje ana kipande chake kilichopimwa kwa hatua juu ya ardhi. Chini hakuna anayeuona mpaka. Dhahabu ikielekea kwa jirani, unaifuata kimyakimya, na ukiulizwa umefika wapi unataja zile mita zinazoishia kwako. Wote wanafanya hivyo. Wote wanajua kwamba wote wanafanya hivyo. Akishikwa mmoja, wanampiga kana kwamba ndiye wa kwanza tangu dunia iumbwe, na komite ya wachimbaji inamnyang'anya shimo.

Mimi nilikuwa na dawa ya uongo huo. Udongo unaotoka shimoni lazima umwagwe mahali. Nilipima kila lundo, urefu na upana na kimo, nikagawa kwa ukubwa wa galeri, nikapata galeri imekwenda mita ngapi. Ni hesabu ya mwaka wa pili wa sekondari. Kwa juma zima niliwashika wanaume wazima mmoja baada ya mwingine, na siwezi kuficha, nilifurahi.

Katembo nakumbuka kuliko wote. Alitoka upande wa Butembo, sauti ya chini, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa kali.

"Metre kumi na mbili, Mwalimu," aliniambia.

"Lundo lako linasema ishirini."

"Lundo inasema?"

"Inasema. Na haina watoto wa kulisha, basi haina sababu ya kudanganya."

Watu wake walicheka, na mmoja wa waliocheka alikuwa Musafiri, mume wa Régina, aliyechimba kwa Katembo tangu waoane. Katembo mwenyewe hakucheka. Ishirini zilikuwa bado ndani ya mpaka wake. Alipunguza kwa mazoea tu, jirani asijue dhahabu imeelekea wapi.

"Mwalimu, wewe uko na hesabu, sisi tuko na njaa."

"Njaa yako isizamishe mutoto wa mwenzako."

Alinitazama kidogo, akavuta kofia.

"Basi andika makumi mbili. Lakini ya wote uandike vile vile."

Nikamwahidi, mbele ya watu wake.

Shimo la mwisho lilikuwa la Nestor. Nestor ni kaka yetu mkubwa, wangu na wa Régina. Baba alipokufa kijijini kwetu Wamaza, mimi nikiwa darasa la sita, ni Nestor aliyeacha shule akashika chepe. Hajawahi kunikumbusha hilo hata siku moja. Hana haja.

Alinitajia galeri moja, mita kumi na nane, upande wa kilimani, mbali na watu. Nikaandika. Kisha nikapima lundo lake, nikapima tena, nikashangaa. Lundo lilitosha zile kumi na nane tu, na majani yalikuwa yameshaota juu yake. Halikuwa limeongezeka kwa miezi, na Nestor alikuwa na watu kumi na sita wanaoshuka kila asubuhi. Udongo wao ulikuwa wapi?

Nilimwuliza akiwa anaosha miguu kijitoni. Alimaliza mguu mmoja, akamaliza wa pili.

"Kaa, mudogo yangu," alisema. "Galeri iko mbili. Ile ya mulima iliisha kitambo. Udongo ya ile ya pili tunaimwaga mule, ingine tunaitupa kijitoni usiku."

"Ya pili inaenda wapi?"

Hakutaja. Alielekeza kidevu ng'ambo ya kijito, kwenye kiwanja walichoketi wanawake na vinu vyao. Chini ya kiwanja kile komite ilikuwa imemkataza kila mtu kuchimba. Nilivisikia vyuma vikigonga mawe, na mama mmoja akiwachekesha wenzake.

"Metre ngapi?"

"Makumi tatu na moja."

"Nestor! Chini ya wamama?"

"Iko chini sana. Na tunaiegemeza na miti, miti ya nguvu."

"Chini sana ni metre ngapi?"

Akaanza kukausha miguu.

"Ukiandika, komite watachukua shimo," alisema. "Na watanipiga, unawajua. Wale watu kumi na sita watakula nini? Nipe wiki tatu, yule muzizi wa dhahabu unaisha. Kisha naifukia mimi mwenyewe, kwa mukono yangu. Wiki tatu tu, Dieudonnée."

Huwa hanitaji kwa jina. Niliangalia miguu yake, kucha mbili hazipo, na nikafikiria kwamba ardhi iliyosimama mwaka mzima haiwezi kukosa subira ya wiki tatu. Nilijitafutia hesabu, nami ni mwalimu wa hesabu, nikaipata. Kwenye daftari niliacha galeri moja. Kalamu haikutetemeka, kama mnataka kujua.

Jean-Marie alikuja kwa uzinduzi na kamera kubwa na mtu wa kuishika. Wanawake walivaa vitenge vipya. Simu ya mradi tulimkabidhi Aziza, mkubwa wao, mjane mwenye ulimi wa pilipili, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akinitania.

"Mwalimu analeta miwani kwa udongo," alisema. "Mimi udongo naisikia na muguu, tangu Régina akinyonya."

Na kweli alikuwa na namna yake. Kabla ya kuketi mahali papya, Aziza alisimamisha mchi wima, akaupiga chini mara tatu, akasikiliza kama udongo unajibu, yaani chini pana shimo. Wanawake wote walimtegemea kwa hilo. Mimi nilikuwa nimetumia juma zima kumshawishi kwamba sikio linazeeka na hesabu haizeeki. Siku ile, kwa ajili ya kamera, alikubali kufanya yote mawili. Akapiga mchi katikati ya kiwanja. Mara tatu. Akainamisha kichwa, akapiga tena.

"Hapa udongo inajibu," alisema.

Waliokuwa wameanza kuketi wakasimama. Akanipa simu, nami nikaiinua. Ubao wa Katembo ulionekana vizuri. Mstari wake mwekundu ulitoka kwake, ukaja, ukaishia mita nane kabla ya kiwanja. Kiwanja chote kilikuwa kijani. Kijani kizuri, Jean-Marie alikichagua mwenyewe, kama muhogo mchanga. Nestor alikuwa amesimama nyuma ya mtu wa kamera, mikono kifuani.

Aziza hakuangalia kioo. Aliniangalia mimi.

"Mwalimu, unasema nini?"

"Simu inaonyesha kijani," nilisema.

Sikusema ni salama. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote, na kila mara nalikuta neno langu palepale, halina uongo ndani yake. Simu ilikuwa inaonyesha kijani. Aziza akacheka, akapiga makofi, akasema kumbe masikio yake yamezeeka kweli, na hajui kama mguu nao. Wakaketi. Kamera ikachukua vinu ishirini na vitatu vikigonga pamoja, na Jean-Marie alikuwa na machozi machoni.

Jioni hiyo, kabla jua halijatua, nilimvuta Régina pembeni.

"Usikae kiwanjani," nilimwambia. "Hama. Kaa huku juu, karibu na njia."

"Kwa nini? Simu yako inasema kule ni kuzuri."

"Hama tu."

"Yaya, njiani hakuna maji. Nitabeba maji mpaka mugongo uvunjike."

Ningemwambia nini? Musafiri alikuwa mtu wa Katembo. Neno likiingia nyumbani kwa Régina lingefika shimoni kwa Katembo kabla ya chakula cha jioni, na kwa komite kabla ya asubuhi. Nilimwambia mimi ni yaya, dada mkubwa, na sihitaji kutoa sababu. Alinung'unika, akakubali. Régina tangu utoto ananung'unika na kutii. Nilirudi Kabambare roho imetulia, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote: nililala vizuri.

Ilikuwa juma la pili baada ya hapo. Mvua ilinyesha siku mbili, ikakatika, jua likatoka. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wanawake wako kazini, kiwanja kilifunguka katikati. Habari nililetewa na mwendesha pikipiki aliyekuja na samaki. Alisema Salamabila udongo umekula tena. Nikamwuliza ni nani, akasema hajui majina, ni wamama. Nilipanda pikipiki yake hata samaki hajawashusha.

Nilifika siku ya pili. Régina alikuwa mzima, ameketi kando ya njia, unga wa mawe mpaka kwenye kope, haongei. Aziza walikuwa wameshamzika, na Hidaya, mkwe wake, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Waislamu hawangoji. Watu wa Nestor hakuna hata mmoja aliyekuwa chini. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye galeri tangu siku ya kwanza ya mvua, Nestor akawatoa wote, akawapa mapumziko.

"Uliwatoa," nilimwambia. "Ukaacha wamama juu."

"Ningesema nini, Dieudonnée? Ningewaambia watoke, wangeuliza nimejuaje."

Jibu hilo nililijua. Nilikuwa nimelitumia mwenyewe.

Komite iliketi siku hiyohiyo kwenye hangari ya kupimia mawe. Shimo la kiwanjani lilikuwa limejaa maji na matope; hakuna aliyeweza kushuka kuona galeri ilitokea upande gani. Basi wakaita simu iwe shahidi. Walikuwa wameikuta kwenye kikapu cha Aziza, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Rais wa komite akaiinua mwenyewe, wazee wakajibanza mabegani mwake, na wote wakaona kitu kimoja: mstari mmoja tu mwekundu unaoelekea kiwanjani, wa Katembo. Mita nane zilikuwa zimebaki. Mtu mwenye njaa anachimba mita nane kwa siku ngapi? Walihesabu kwa vidole, wakafika.

Nestor alikuwa ameketi safu ya pili. Mstari wake ulionekana upande wa kilimani, mbali, mwekundu na mpole.

Katembo alisimama. Alikuwa amevua kofia, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba ana mvi.

"Mimi sikuongeza hata metre moja," alisema. "Muulizeni Mwalimu. Ni yeye alipima udongo yangu. Lundo yangu iko pale, ipimwe tena. Mwalimu hana uongo, mimi nilitaka kumudanganya, akanikatalia."

Hakuwa ananisihi. Alikuwa na uhakika nami, na ndani ya hangari ile yote hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa na uhakika nami hivyo. Rais akanigeukia.

"Mwalimu, galeri ya Katembo ni metre ngapi?"

Lundo lake nilikuwa nimelipita asubuhi ile. Sikuhitaji kamba. Lilikuwa vilevile nilivyoliacha, mita ishirini, wala si zaidi. Nilimwona Nestor ananitazama. Uso wake ulikuwa ule wa Wamaza, wa siku aliyonikabidhi begi la shule akasema nenda.

"Makumi mbili," nilisema. "Wakati ule."

Wakati ule. Maneno mawili. Hayana uongo nayo.

Katembo alikaa chini polepole. Walimpiga palepale nje ya hangari, si sana, kwa sababu hakukimbia. Shimo lake likachukuliwa, watu wake nao wakaambiwa waondoke, na kwa kuwa shimo haliachwi bila mtu, komite ikalikabidhi kwa jirani mwenye rekodi safi kwenye simu. Jirani huyo alikuwa Nestor. Alikubali kwa kichwa. Jioni alinitumia kuku na nusu gunia la mchele kwa mkono wa mkewe, nami nikampokea mkewe, nikamshukuru, nikapika.

Jean-Marie alinipigia siku ya tatu. Alilia kwenye simu, kilio cha kweli. Kisha akasema filamu ya uzinduzi imechaguliwa kuonyeshwa katika mkutano fulani mjini Kinshasa, na wafadhili wameuliza kama watumiaji walizielewa rangi. Nikamjibu walizielewa sana. Akauliza kosa lilikuwa wapi, kwenye mchoro, kwenye programu? Nikamwambia programu haina kosa. Alishusha pumzi, nikamsikia, na akaniahidi awamu ya pili.

Siku ya nne asubuhi Régina alikuja nilipofikia. Musafiri alikuwa amebaki barabarani na pikipiki ya kukodi, wamefunga godoro na sufuria na mtoto mdogo katikati. Walikuwa wanarudi Wamaza, kwenye shamba la baba, maana Musafiri hakuwa na shimo tena la kuchimba. Régina alisimama mlangoni. Nilimwambia aingie, akasema wanachelewa. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza bei:

"Ulinikataza mimi peke yangu."

Nilimsogezea kiti.

"Wamama makumi mbili na tatu. Ulikuja kwangu tu, ukasema hama. Nimefikiri siku tatu. Kama hukujua kitu, ulinihamisha kwa nini? Na kama ni Katembo alichimba nyuma, baada ya wewe kupima, ulijuaje mbele yake?"

"Régina, kaa kwanza."

"Ni Nestor?"

Sikutikisa kichwa wala kuinamisha. Nilikuwa hodari siku zile wa kutosema uongo. Lakini Régina amelala kitanda kimoja nami miaka kumi, anajua nikinyamaza ninanyamazia nini. Alishika mwimo wa mlango.

"Ni kaka yetu," nilisema. "Wangemuua. Alisoma nani kwa mgongo wake? Wewe ulikula ugali ya nani?"

"Na Aziza alikuwa dada ya nani?"

"Sikutaka afe mtu. Mradi wote niliuomba kwa ajili yako, ujue. Kwa ajili yako wewe."

Nilidhani neno hilo lingemgusa. Lilimgusa. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu ardhi ile ifunguke nikaona machozi yanamtoka, yanachora njia kwenye unga ambao bado hakuwa ameuosha vizuri shingoni.

"Siku nilihama," alisema, "Aziza aliniuliza, Régina, mbona unaacha pahali pako, ni karibu na maji. Ningemwambia nini? Wewe hukunipa sababu. Nikamwambia, yaya yangu anataka nikae karibu na njia, anapenda kunisumbua tu. Tukacheka. Nikamwambia, chukua wewe ile nafasi yangu, mama, iko muzuri, yaya mwenyewe ndiye alipima. Alikuwa anakaa kule pembeni kabisa, kwenye majabali. Pembeni hakukuzama. Ni mimi nilimuleta katikati. Nilimubebea kinu kwa mukono yangu."

Nilinyoosha mkono nimshike. Akarudi hatua moja nyuma, nje, juani.

"Ungenipa hata nusu ya sababu," alisema. "Hata ungenidanganya. Ungesema uliota ndoto mbaya, ningewahamisha wote."

Barabarani Musafiri aliita jina lake. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamwitikia kwamba anakuja. Nilimwuliza kama atamwambia mumewe.

"Nikimwambia, atarudi amuue Nestor, kisha mutoto yangu atakosa baba na mujomba siku moja. Hapana. Nitakaa nayo. Umenipa mimi pia ya kuficha."

Alianza kwenda. Alipofika kwenye ukingo wa barabara aligeuka, nikasimama haraka, nikadhani anarudi.

"Bakia muzuri, Mwalimu," alisema.

Akapanda pikipiki, akampakata mtoto, wakaondoka. Nilibaki mlangoni mpaka vumbi likatua. Ndani, wali wa Nestor ulikuwa umeanza kuungua, nikaenda kuutoa motoni.